Picha Tatu za Meno Yasiyo Yangu

Nainokanoka,
4 Machi 2024

Paashe,

Barua za watu huanza na salamu, yangu itaanza na shavu. Shavu langu la kulia limevimba hadi jicho limebaki tundu la kifungo. Nyama siigusi, usingizi sina, na maziwa nayanywa nimeinamisha kichwa upande kama kuku. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu utaufuta, halafu utasema mtandao wa Nainokanoka haukuuleta.

Alhamisi nilikuja hapo Karatu, kwenye ile zahanati ya meno. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nitibiwe kwanza, ndipo nije kwako kunywa chai nikiwa na sura ya mtu. Nilitembea tangu alfajiri hadi barabarani, nikapanda gari la mwenye duka, nikafika saa sita. Yule dada wa mapokezi, Germana, alipokea kadi yangu ya bima vizuri tu. Daktari Felisiani akanichungulia kinywani. Akasema jino la nyuma limeoza hadi kwenye mzizi na usaha umeingia ndani ya taya, kwa hiyo hawezi kuligusa bila picha ya eksirei ya taya lote. Nikamwambia piga. Germana akabonyeza kompyuta yake, akasema, "Mama, picha zako za mwaka huu zimeisha. Bima inalipia tatu, na zote tatu umeshapiga."

Mimi! Mimi ambaye sijakalia kile kiti tangu nizaliwe.

Nikataka nionyeshwe. Daktari akafungua, nikaona jina langu, namba ya kadi yangu, na tarehe za Januari na Februari. Na picha zenyewe ni za meno ya mbele ya chini, yamepangana vizuri, moja limevunjika ncha. Basi nikafungua kinywa changu. Wewe unajua hapo pana nini. Bibi yangu aliniondoa meno mawili ya chini nikiwa mtoto, kama alivyoondolewa yeye na wanawake wote wa ukoo wetu. Pengo langu limekuzidi umri. Daktari akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Kisha akaniuliza kwa upole, ule upole wa kumhoji mwizi: "Mama, hii kadi ni ya nani?"

Niliitwa mwizi wa kadi yangu mwenyewe, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Kadi wameizuia, ipo kwenye droo ya Germana. Bila bima picha ya taya ni elfu sitini, na mimi nilikuwa na nauli ya kurudi na elfu nne. Nikarudi na usaha wangu.

Sasa nakuuliza, mke mwenzangu. Katika boma letu, mwanamke mwenye meno yote ya chini ni nani? Mama mkwe hana. Nashipai, mke wa shemeji, hana. Ni wewe peke yako, binti wa mwinjilisti wa Loliondo, baba yako aliyekataza watoto wake wasiguswe. Na Krismasi ulilala nyumbani kwangu siku nne, kadi ikiwa ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kitanda changu.

Nenda kwa Germana useme ukweli, ili nipigwe picha kabla taya halijaoza. Ukifanya hivyo nitakutukana siku moja, yataisha. Bado nakuita Paashe, jina la watu waliopeana ndama, kwa sababu siku ulipoletwa bi harusi nilikupa ndama jike kwa mkono wangu. Usinifanye nijute.

Seenoi, Mama Parsimei


Karatu,
9 Machi 2024

Paashe mpendwa, Mama Parsimei,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, ikabidi niombe kiti. Pole sana, pole tena. Laiti ungepita kwangu siku ile, usingerudi na njaa.

Kuhusu hizo picha, sijui nikuambie nini. Kompyuta nazo hukosea. Hapa lojini ninapopokea wageni, wiki iliyopita tu, mgeni mmoja aliandikiwa vyumba viwili kwa usiku mmoja, tukagombana naye hadi akalia. Inawezekana zahanati nao wamechanganya majina. Nakuomba uvumilie hadi Baba Parsimei atoke Serengeti na wageni wake. Bima ni ya kampuni yake, fomu alijaza yeye, yeye ndiye anayeweza kwenda kuuliza akasikilizwa. Nimempelekea barua kwa Hilary, dereva mwenzake. Kwa sasa usilipeleke jambo hili kwa mtu mwingine, tafadhali sana.

Nimekutumia mafuta ya karafuu, weka kwenye pamba ubane jinoni. Zipo pia paketi mbili za dawa ya maumivu na sukari kilo mbili. Goodness hajambo. Ameota meno mawili ya chini, anamchekea kila mtu.

Mdogo wako,
Lilian


Nainokanoka,
17 Machi 2024

Lilian,

Nimekuita kwa jina lako, umeona.

Kompyuta hukosea, sawa. Kompyuta ilivaa viatu, ikaenda kwa Felisiani mara tatu, ikakaa kitini ikafungua mdomo. Unanifanya mimi sijasoma? Darasa la saba nililimaliza, na hata nisingelimaliza, meno nayajua kwa macho. Halafu unaniambia mtoto wako ameota meno mawili ya chini! Ulikaa ukafikiri, ukaona hiyo ndiyo habari ya kumpa mtu mwenye taya kama langu.

Mafuta yako ya karafuu nimempaka mbwa masikioni, ana kupe. Dawa nilizimeza zote, maumivu yalinishinda kiburi.

Zilipoisha nilikwenda kwa Joseph, yule fundi wa mabati. Anang'oa meno ya watu kwa koleo lake, analichemsha kwanza, si kwamba hana utaratibu. Lakini bila picha alikuwa anapapasa tu. Shavu lote lilikuwa moto, hata mimi sikuweza kumwonyesha ni lipi. La kwanza alilong'oa lilikuwa zima, jeupe, halina hata doa. La pili ndilo lililooza, likakatika katikati, mzizi ukabaki ndani. Hiyo ilikuwa siku ya Jumatano. Tangu hapo homa haishuki, na usaha umejitafutia njia, unatokea chini ya kidevu. Natembea na kitambaa. Parsimei anakaa upande wa pili wa moto nikila, kwa ajili ya harufu. Mwanangu mwenyewe.

Kwa hiyo sikiliza. Ng'ombe niliyekupa na ndama zake nimewatoa kwenye kundi lako, leo wamelala kwangu. Usiniite Paashe tena, hatujapeana kitu.

Na hili ndilo nililolifikiria kwa siku tatu za homa. Kwenye kompyuta ya Germana kuna kinywa kimoja chenye jina langu, na duniani vipo viwili. Mimi siwezi kuota meno mapya. Wewe unaweza kung'oa. Njoo hapa Nainokanoka, ukae mlangoni kwangu, Joseph akuondoe yale mawili ya chini kwa koleo lile lile, na sindano ya ganzi usiitafute. Nitakushika kichwa mimi mwenyewe. Tukifanana, twende wote kwa Felisiani, achague mwizi ni yupi.

Usipokuja kabla mwezi haujaisha, nitamwandikia meneja wa lojini kwako nimweleze dada wake wa mapokezi anatabasamu kwa kadi ya nani. Nitaandika kwa herufi kubwa. Nataka ulie, Lilian. Nataka usikie hata robo ya hili.

Seenoi


Karatu,
25 Machi 2024

Mama Parsimei,

Shikamoo. Jina umelichukua, silidai.

Ni mimi. Meno ya kwenye picha ni yangu. Mwanzoni mwa Januari bodaboda ilinitupa kwenye kokoto za njia ya lojini, kidevu kikapiga chini, jino likavunjika na lingine likalegea. Nilikuwa na wiki moja tu ya kazi, mapokezi, nikajua wakiniona vile wataniondoa. Mume wetu akaniletea kadi yako. Alisema amekuomba, na umekubali, na umesema wewe meno unayatibu kwa mizizi ya porini. Niliamini, Mama Parsimei. Nilisema una moyo mkubwa. Picha yako kwenye kadi imefifia, sura haitambuliki. Germana aliona shuka na shanga, akaandika. Kutibu mzizi kulihitaji picha tatu, ya kuanzia, ya katikati na ya mwisho. Sikujua kwamba zina idadi.

Barua yako ya kwanza iliponifikia ndipo nilipojua kwamba hukuombwa. Nilipaswa kwenda zahanati siku ileile. Sikwenda. Niliogopa kazi, nikamwogopa yeye, nikakuandikia mambo ya kompyuta. Hilo sina la kulitetea.

Jumamosi nimekwenda. Nilikaa kwenye kiti nikamwambia Daktari Felisiani aning'oe yale mawili, kama ulivyotaka. Alinifukuza kitini. Alisema kung'oa hakubadilishi faili, kinachobadilisha ni maelezo, nikae mezani niandike. Nikaandika yote na kuweka sahihi: meno ni yangu, kadi ni yako, aliyenipa ni mume wetu. Germana alilia, na yeye atapata barua ya onyo. Kadi yako imetoka kwenye droo, iko kwangu, ni halali. Lakini zile picha tatu zimeshatumika, bima hairudishi. Nyingine ni hadi Januari ijayo, au kulipa taslimu.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimemwomba mume wetu hizo elfu sitini. Jibu lake nimelifunga humu ndani. Aliniagiza nilichome. Nimekaa nalo siku mbili, nikaona ulisome mwenyewe.

Elfu sitini zimo kwenye bahasha. Nimekopa mshahara. Njoo na gari la kwanza utakaloliona.

Lilian


(Barua iliyofungwa ndani)

Kambini, Serengeti,
21 Machi 2024

Lilian,

Hilary amenipa barua yako getini. Unahangaika kwa kitu kidogo. Nilikuambia Mama Parsimei amekubali kwa sababu ningemwuliza angekubali, sasa kuna tofauti gani? Kadi niliitoa kwenye kopo mwenyewe na nikairudisha mwenyewe, hakuna aliyeibiwa. Fomu ya kampuni ina nafasi ya mke mmoja. Mimi ninao wawili. Nifanyeje, nimkate mmoja?

Elfu sitini ya picha ya jino sitoi. Ni jino la nyuma, nani analiona? Wewe unaonekana na wageni, yeye anaonekana na ng'ombe. Atachemsha mizizi, litakwisha, wamama wa kule ni wagumu.

Usiende zahanati na usiweke sahihi popote. Nikitoka nitapita kwako. Nimepata tipu nzuri kwa Wahispania.

Ichome hii.

Loserian


Nainokanoka,
19 Aprili 2024

Lilian,

Nimerudi nyumbani jana. Wiki tatu nimelala hospitali, na tangu nitoke kwenye chumba cha upasuaji nakula uji kwa mrija kama mtoto wako.

Picha yenyewe ilichukua dakika moja. Unasimama, unauma kijiti, mashine inakuzunguka kichwa, basi. Felisiani akaniita nione. Akanionyesha mzizi uliobaki, na pembeni yake mfupa wote umekuwa kama ubao ulioliwa na mchwa. Akanipeleka kwa gari lake mwenyewe, siku ileile, hospitali kubwa. Wametoa meno manne mengine na kipande cha taya chenye urefu wa kidole changu cha mwisho. Upasuaji, kitanda, dawa, damu chupa mbili, bima ililipa vyote bila hata kuuliza. Kilichokataliwa ni picha. Nimelala pale nikilifikiria hilo hadi nikacheka, nesi akaja kunipima homa.

Nilimwuliza daktari, ningepigwa picha ile Alhamisi ya kwanza, ingekuwaje? Akajifanya anaandika. Nikamkazia. Akasema: jino moja, mama, na vidonge vya siku saba.

Kwa hiyo sikusamehe. Nakuambia wazi usije ukafikiri uji umenilainisha. Barua yangu ilikufikia, ukajua, ukanyamaza siku kumi na sita ukitazama kazi yako. Siku hizo ndizo zilizokula mfupa. Uso wangu umeingia ndani upande mmoja, watoto wa boma wananitazama halafu wanatazama chini. Hasira yako ipo, nimekuwekea, siku moja utaikuta.

Lakini kuna anayekutangulia kwenye foleni.

Barua yake nimeisoma mara nyingi mno. Nilifikiri nitalia, sikulia. Nimezaa naye watoto watano. Nilipoolewa alikuwa na fimbo na ndama mmoja anayeharisha, na huyo ndama nilimponya mimi. Sasa mimi ni mtu wa kuonekana na ng'ombe.

Nimesikia kwa Hilary kwamba maelezo yako yalifika kwenye kampuni. Wamemkata fedha za zile picha na wamemsimamisha kazi miezi miwili. Anajiandaa kuja kupumzika nyumbani. Kwenye nyumba gani? Wewe umezaliwa kwa mwinjilisti, kwenu baba ana nyumba yake ya bati na sebule, labda hukuwahi kulifikiria. Huku mwanaume ana zizi na ana ng'ombe. Nyumba ni ya mwanamke. Yangu niliijenga kwa mikono hii, fito nilizikata mimi, mavi ya ng'ombe nilikanda mimi, na kila mvua naiziba mimi. Yeye akija anainama mlangoni na kuomba kuingia kama mgeni mwingine.

Kwa mama yake hawezi kulala, mtu mzima mwenye watoto halali kwa mama yake. Nimezungumza na Nashipai, amesema nyumba yake ina mume wake na inamtosha. Wake wengine wa boma nimewaonyesha uso wangu, sikuhitaji kusema mengi. Imebaki nyumba moja, hicho chumba chako cha Karatu. Kodi analipa nani?

Nijibu hilo tu.

Seenoi


Karatu,
24 Aprili 2024

Mama Parsimei,

Shikamoo. Kodi nalipa mimi, tangu Desemba. Mkataba una jina langu na mama mwenye nyumba, Angela, anamjua mpangaji wake ni nani. Jana nimebadilisha kitasa. Nguo zake na redio yake vipo kwenye gunia kwa Hilary.

Lojini wamenitoa mapokezi, wamenipeleka kufua mashuka. Meneja aliisikia habari kabla hujamwandikia. Sikulaumu kwa hilo.

Kama unaandika barua kwake, niachie nafasi chini.

Lilian


Nainokanoka, 28 Aprili, na Karatu, 2 Mei 2024

Baba Parsimei,

Pole na kusimamishwa. Tumesikia unakuja kupumzika.

Ng'ombe wako wapo wote, mbuzi wapo, zizi limezibwa vizuri kwa miiba mipya, Parsimei ameifanya kazi hiyo. Hatujauza chako, hatujachinja chako. Huwezi kwenda kwa wazee ukasema tumekuibia. Wazee wenyewe wameshanisikia, nikawasomea barua yako ya Serengeti kwa sauti, pale penye ng'ombe nikasoma mara mbili. Mmoja aliniuliza kama ni kweli umeandika wewe. Wengine walitazama fimbo zao.

Nyumba yangu imefungwa. Maziwa ya asubuhi ni ya watoto, ya jioni ni ya watoto. Usimtume mtu kuniomba msamaha, sina taya la kujibizana. Ulisema hakuna anayeliona jino la nyuma. Ukinikuta njiani utaniona uso wote, na uutazame vizuri, ni kazi yako.

Seenoi

Baba Goodness,

Mimi ni Lilian, naandika chini ya mkono wa mke wako mkubwa. Barua uliyoniagiza niichome sikuichoma. Kitasa ni kipya, usigonge, utamwamsha mtoto, na Mama Angela amesema ukigonga ataita mgambo. Ile fomu ya kampuni yenye nafasi ya mke mmoja, ukirudishwa kazini wataileta tena uijaze. Jina langu usiliandike, na Mama Parsimei anasema lake pia ulifute. Kampuni ikikuuliza mke wako ni nani, utaona la kuwaambia.

Huku Karatu mvua imekuwa nyingi, na Mama Parsimei anasema huko Nainokanoka ni zaidi, inaanza mchana na inakesha. Zizini ni tope hadi kwenye goti. Beba turubai.

Lilian